Programu Isiyo na Kasoro

Jumatatu, 3 Novemba
Fomu ya ufadhili ina kurasa kumi na tisa. Nimefika ya pili. Mwisho wa kuipeleka ni Alhamisi. Ami Jaffar, babake Raghad, amesema haipokei barua yangu ya posa mpaka aone karatasi inayothibitisha kwamba nina kazi. Nikamweleza kuwa naandika programu huria: mtu yeyote aichukua, aitumia, airekebisha. Akaniuliza kama hicho ninachogawa bure ndicho nitakachomlisha mwanawe.

Programu yaonyesha vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo tuktuk yaweza kupita. Nimeiandika mimi. Na Nasipwondi kidogo, yule karani wa kampuni ya mizigo kule Makupa. Kidogo, yaani nusu.

Jumanne, 4 Novemba
Balaa. Wafadhili wataufungua ukurasa wa programu, ulio wazi kwa dunia nzima. Nimeufungua kwanza mimi. Nasipwondi ameorodhesha kasoro arobaini na moja, kila moja na tarehe yake. Ya kumi na mbili: Kazungu, dereva wa tuktuk, alielekezwa mpaka ndani ya ukumbi wa Bi Shariffa, wageni wakila. Nimezifuta zote. Nani apelekaye posa na doa kifuani?

Nasipwondi akanipigia simu, akauliza kasoro zimekwenda wapi. Nikasema mtandao una matatizo.

Jumatano, 5 Novemba
Fomu yataka barua tatu za watumiaji. Nimeona heri nipeleke kumi na nne. Tangu asubuhi nazunguka mtaa wa Ndia Kuu. Kila mlango ni salamu, habari za nyumbani, habari za wagonjwa, kahawa, halua, ndipo kalamu itoke. Vikombe kumi na kimoja! Moyo wanidunda mpaka masikioni.

Lakini watu wetu waungwana. Hakuna aliyeandika neno baya. Bi Shariffa, ambaye sinia zake zilipitiwa na gurudumu, ameandika kwamba programu ni nzuri na mimi nina adabu. Kazungu ameandika kwamba haijampoteza hata siku moja. Kisha, kwa upole, akanionyesha taa yake ya mbele iliyopasuka.

Alhamisi, 6 Novemba
Swali la kumi na saba: taja kasoro zitakazorekebishwa kwa fedha hizi. Nimelitazama saa nzima. Wakijua ni mbovu watanikataa, na Raghad ataolewa na mtu mwingine mwenye duka lake. Nikaandika: Hakuna. Nimepeleka saa kumi.

Jumatatu, 10 Novemba
Jibu limekuja. Ameliandika mama mmoja wa huko kwa wafadhili, Ashley. Amefurahi kusoma barua kumi na nne, zote zikithibitisha kwamba programu haina tatizo lolote. Kwa hivyo, asema, haihitaji msaada. Fedha zao ni za kurekebisha. Ameniombea heri.

Nimekaa barazani. Nimeponzwa na adabu za majirani.

Jioni akaja Nasipwondi. Kumbe naye aliomba. Alikuwa na nakala yake ya programu, maana huria ni huria, na kasoro zote arobaini na moja. Ameongeza ya arobaini na mbili: kwamba mmoja wa waandishi hufuta kasoro. Ombi lake limekubaliwa. Nilitaka kukasirika, nikaona haya. Akasema kazi ni nyingi, ataniajiri miezi sita, na barua ya kuthibitisha ataniandikia kesho. Karibu nilie.

Jumanne, 11 Novemba
Barua ya Nasipwondi nimeipata saa sita. Yasema nimeajiriwa, ni mchapakazi, najua kila kichochoro. Sentensi ya mwisho yasema mimi huficha makosa, hivyo atanisimamia kwa karibu. Nimeisoma mara sita. Ni sentensi moja tu. Nikaenda kwa Ngowa mwenye mashine ya kuchapisha, nikaiandika upya bila hiyo sentensi, na sahihi ya Nasipwondi nikaiiga vizuri sana.

Baada ya Alasiri nikampelekea Ami Jaffar. Akaisoma polepole. Kisha akatoa nyingine mfukoni. Leo asubuhi, aliposikia naajiriwa na Nasipwondi, alikwenda mwenyewe Makupa kuniulizia, kama wanavyofanya wazee wa mke, na Nasipwondi akampa nakala. Akasema ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyomtuliza: angalau yuko anayenijua na bado amenichukua. Posa alikuwa tayari kuipokea. Akauliza kwenye barua yangu sentensi hiyo imekwenda wapi.

Nikamwambia wino wa mashine uliisha.

Akasema basi atapokea posa siku sentensi hiyo itakapochapishwa. Nimetoka nikiwa na matumaini. Kesho asubuhi natafuta wino.