Kuzindua Kliniki ya Masikio ya Wajawazito

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa wajumbe mlioketi kivulini, wajumbe wa kawaida mlioketi juani, wadau wa afya, mabibi na mabwana, kina mama wajawazito ambao ndio walengwa wetu, na ninyi watoto mlioko tumboni ambao mmewahi kufika kuliko mgeni rasmi, ambaye ni mimi: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, na viongozi wenye unyenyekevu mkubwa kama wangu ni wachache sana, kuzindua Kliniki ya Kisasa ya Masikio ya Wajawazito, mradi uliotokana na mpango mkakati shirikishi, endelevu na mtambuka, uliopitia semina, warsha, na semina ya kuitathmini ile warsha. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia mia moja ya wajawazito wana masikio. (Minong'ono.) Na wengi wao wana mawili! (Makofi.)

Mtaniuliza, mheshimiwa, mimba iko tumboni, sikio liko kichwani, vinakutania wapi? Hata mimi nilijiuliza hivyo, mpaka alipokuja ofisini kwangu yule mama fundi cherehani aliyeketi mstari wa mbele na mtoto mgongoni. Simama, mama, wakuone. (Vigelegele.) Mimba yake ilipoingia mwezi wa saba, sikio la kushoto liliziba kama la mtu aliyepiga mbizi, likaanza kuvuma. Cherehani ameizima, yeye bado anaisikia inashona! Akiongea, sauti yake inamrudia kichwani kana kwamba anaongea ndani ya mtungi. Mama mkwe akimwita kutoka jikoni, kimya. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, umetuolea kiburi!" Mume akamtetea, "Mama, labda hajasikia." "Hajasikia? Mbona ukimwambia chakula tayari anasikia?" (Kicheko.)

Basi akaja kwangu. Akaniambia, "Mheshimiwa, sikio limeziba, linavuma, na tangu jana kichwa kinaniuma na naona vimulimuli." Nami, kwa ule uongozi wenye maono mnaoufahamu, nikamjibu papo hapo, "Mama, suala lako liko kwenye mchakato." Akasogeza sikio zima. "Liko kwenye mkokoteni?" Nikapaza sauti, "Mchakato!" Akasema, "Basi huo mkokoteni utachelewa, baba. Ngoja niende kwa miguu." (Kicheko kirefu, mtu anapiga mluzi.)

Akaenda zahanati ya mtaa wa pili. Mkunga wa pale akamweleza kwamba mimba huweza kuziba sikio na kulivumisha, kwa kuwa mwili hujaa maji na njia za pua na sikio huvimba, na mara nyingi hali hiyo huisha baada ya kujifungua. "Lakini kichwa kikiuma na vimulimuli vikaja," akasema, "hapo hatungoji." Akampima presha. Ilikuwa juu sana. Akalazwa siku hiyohiyo, mama mkwe analia kwenye korido, "Nisamehe, mwanangu, mimi nilidhani ni kiburi!" Mgonjwa akamjibu, "Sema upande wa kulia, mama, huo mwingine haupokei." (Kicheko.) Akajifungua salama, presha ikashuka, na baada ya wiki chache hata lile sikio likazibuka. (Sauti kutoka mstari wa mbele: "Sasa nasikia kila kitu, mheshimiwa!") Ahsante, mama, keti. Yote hayo, ndugu wananchi, yametokea chini ya uongozi wangu! (Kikohozi.)

Sikio la mama! (Sauti chache: "Hazina ya taifa!") Mimba salama! ("Masikio wazi!")

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati seremala aliyetuazima mlango huu na fremu yake ili mgeni rasmi apate cha kufungua, na nawaomba mliokwishazunguka kwa nyuma mrudi mbele, maana huko ni kwa jirani na ameanika nguo zake. Kliniki yenyewe itakuja. Kwa sasa, mama yeyote ambaye sikio lake limeziba amfuate yule fundi cherehani, njia ya zahanati anaijua. Ahsanteni sa… Jamani, kaeni kwanza! Mbona mnamfuata nyote?