Mtambo wa Kutafuta Punda

Nicodemus alikuwa ndiyo kwanza ashuke boti ya Mokowe kisiwani Amu alipoiona riziki yake ikipita uchochoroni bila mwenyewe, bila kamba, ikitafuna gazeti. Ilikuwa punda. Nyuma yake akaja mwingine, kisha mwingine tena.

"Maskini!" akajisemea. "Mji mzima umepotelewa na punda!"

Wewe ungeona huruma. Nicodemus, aliyekuwa amesikia redioni kwamba serikali inasaidia biashara ndogo za teknolojia ya kisasa, aliona pesa. Akavaa tai, akaitia kwapani laptopu yake, chombo pekee kilichomfanya aonekane mtu wa maana, maana bila hicho hata salamu asingeitikiwa. Akauliza nani ana punda wengi, akaelekezwa kwa Bi Khairiya.

"Bi, serikali inasaidia wenye mitambo. Ukinunua wangu, msaada ni wako. Punda anafungwa kisanduku hiki, setilaiti inamwona, nawe unamwona hapa."

"Hata akipotea mtaa wa Langoni?"

"Hata akipotea Nairobi!"

Bi Khairiya akashangaa kwa adabu zote. Kisanduku kilikuwa taa ya baiskeli, na ramani ya kwenye laptopu ilikuwa picha ya ua wa bibi huyo yenye nukta nyekundu isiyobanduka. Punda akafungwa, akaachiliwa. Nicodemus alikwisha kuandaa uongo wa mawingu kuziba setilaiti, lakini jioni, ajabu ya Mungu, punda akaingia mwenyewe uani na kusimama penye nukta. Nusura tapeli wetu aamini mtambo wake.

"Mashallah!" akasema Bi Khairiya, akamkabidhi kidani cha dhahabu cha marehemu mamake kiwe bei.

Mara hodi. Akaingia mwanamke mwenye beji, akajitambulisha kuwa ni Cherotich, mkaguzi wa msaada huo. Nicodemus alitaka kutoka mbio, tamaa ikamkalisha.

"Mwenye biashara ni nani?"

"Ni mimi," akadakia. "Mama huyu ni mteja tu."

"Basi nipe mtambo na mtaji wako nikavipige picha. Kesho uje ofisini utie sahihi."

Akampa laptopu. Akampa na kidani. Akalala akijiita mkurugenzi.

Asubuhi hakuiona ofisi. Alipokimbilia kwa Bi Khairiya alimkuta na kidani shingoni, na kando yake Cherotich, bila beji, akiwafundisha watoto hesabu kwa laptopu.

"Mwalimu huyo, mpangaji wangu," akasema Bi Khairiya.

"Nitawashtaki!"

"Enda, mwanangu. Na ile taa ya baiskeli uwaonyeshe."

Nicodemus akaketi chini. "Bi, ulijuaje?"

"Punda wa Amu hapotei. Hutembea atakako, akiona ndaa huya kwao mwenyewe kula. Hata mtoto wa yana alijua."

"Na laptopu yangu?"

Bi Khairiya akamsogezea sahani ya mkate wa mofa.

"Kula kwanza. Kama kweli ni yako, itaona ndaa, itaregea."