Mhuri kwenye Ubawa wa Mzembe

Jumatatu, 5 Juni

Bluu hajarudi. Jana nilisimama uani tangu asubuhi, macho kusini, mpaka shingo ikakakamaa. Njiwa wa wenzangu walirudi kutoka mbio za Orléans, kule Ufaransa, mmoja mmoja. Wa jirani yangu, Cyriel Lampaert, walirudi wote. Wote! Bluu, dume langu la pekee lenye akili, hakuonekana.

Mke wangu Godelieve anasema huenda ni mwewe. Godelieve ni mwepesi wa kuamini watu. Mimi nina ushahidi. Leo asubuhi Cyriel amenisalimia juu ya ua wa miti unaotutenganisha, akaniuliza kama Bluu amefika. Mtu asiye na hatia angejuaje kuwa kuna wa kuulizwa? Halafu nimemwona akishusha njegere nyingi kuliko kawaida yake. Bluu anapenda njegere.

Na Jumapili hii ni mbio za sikukuu ya kijiji. Mshindi hupewa shada la maua mbele ya watu wote, pale kilabuni kwa Marcella. Nilimwahidi Godelieve shada hilo mwaka tuliooana. Bado anasubiri, na kila mwaka anavaa gauni lake la buluu na kwenda kumpigia makofi Cyriel. Cyriel ni mgane, maua yenyewe huyapeleka makaburini kwa mkewe. Mwaka huu yalikuwa yetu. Bluu alikuwa amekwiva kwa mbio. Basi ndiyo hivyo.

Jumanne, 6 Juni

Nimekwenda kwa Marcella kushtaki wizi. Marcella anauza bia na ndiye katibu wa chama chetu cha njiwa, kwa hiyo ukimkosea unakosa vyote viwili. Hakuniuliza lolote kuhusu Cyriel. Aliniuliza kama Bluu alikuwa na mhuri.

Hakuwa nao. Wanachama wengine wote hugonga mhuri kwenye manyoya ya ubawa: jina, mtaa, namba ya simu. Njiwa akipotea, anayemwokota anafungua ubawa, anasoma, anapiga simu. Nimemweleza Marcella, kwa utulivu kabisa, kwamba kumwandika njiwa jina ni kumwambia mwizi ameshika mali ya nani. Pia sina simu. Siwezi kuingiza nyumbani kitu ambacho watu wa huko mjini wanasikilizia. Na kila njiwa ana pete ya namba mguuni tangu akiwa kinda. Inatosha.

Marcella akasema namba ya pete lazima ipitie makao makuu Brussels, na kule wamelala. Akaendelea kufuta glasi.

"Omer," akasema, "njiwa asiye na jina ni nyama tu."

Nimetoka nimenuna. Lakini nikiwa kwenye baiskeli, karibu na kiwanda cha maziwa, nikapata wazo. Zuri mno! Nilikaribia kuingia mtaroni.

Wanataka mhuri? Watapata mhuri. Bila Bluu sina njia ya kushinda, basi nitapeleka mbioni njiwa wangu watatu wabovu kuliko wote, wale ambao kwao kila paa la Ufaransa ni nyumba ya wageni. Na kwenye mbawa zao nitagonga jina la Cyriel Lampaert. Namba ya Cyriel Lampaert. Wiki nzima watu wasiojulikana watampigia simu aje achukue njiwa wake kwenye mapaa yao. Kijiji chote kitajua kwamba bingwa wao anafuga watalii.

Jumatano, 7 Juni

Mhuri uko tayari. Mchonga mihuri wa mjini aliniuliza kama mimi ndiye Lampaert. Nikamwambia achonge. Akauliza nataka wino gani. Nikasema usiofutika kwa maji, mvua, sabuni wala siki. Akaniambia wino wa namna hiyo utabaki mpaka njiwa abadilishe manyoya. Ndiyo huohuo, nikasema.

Nilipotoka alinisindikiza kwa macho. Yawezekana anamfahamu Cyriel.

Alhamisi, 8 Juni

Kazi imekamilika. Nimejifungia bandani, nikawafungua mbawa mmoja baada ya mwingine, nikagonga, nikapuliza wino ukakauka. Mzembe alikuwa wa mwisho. Huyu ni jike mnene, kipenzi cha Godelieve, anayelishwa mkononi kama malkia. Hajawahi kurudi kabla ya chakula cha jioni. Alipiga kelele na kunidonoa kidole, akataka kurudi kwenye kiota chake mbio mbio. Sijui ana haraka gani, maana mayai yake nilimwambia Godelieve ayatupe wiki mbili zilizopita. Njiwa mzembe hahitaji ukoo.

Godelieve ameona vidole vyangu vya buluu. Alifurahi hata akanibusu. Akasema hatimaye nimewasikiliza wenzangu, na kama ningefanya hivyo mapema Bluu angekuwa nyumbani. Nikakubali kwa kichwa. Mtu mwenye siri hujibu kwa kichwa.

Cyriel amepita na mkokoteni. Ameniambia naonekana mchangamfu. Anachunguza.

Jumamosi, 10 Juni

Jioni, kwa Marcella, kuwakabidhi njiwa. Watu tele, moshi wa sigara, kila mtu na kikapu chake. Kila njiwa alivishwa pete ya mpira mguuni, ile ambayo kesho mwenyewe ataivua na kuitumbukiza kwenye saa ya mashindano. Asipoitumbukiza, njiwa huyo ni kama hakurudi. Saa zetu zikafungwa kwa lakiri. Lori likaondoka na vikapu kwenda Clermont, Ufaransa, watakakoachiwa kesho.

Marcella aliona buluu kwenye ubawa wa Mzembe, akanipigapiga bega bila kusoma. Alikuwa ameacha miwani kaunta. Mungu yuko upande wangu.

Mchinjaji wetu, Gentil, akanitania mbele ya watu: "Na huyo bonge umemleta wa nini, Omer? Wa supu?" Wakacheka. Cyriel hakucheka. Mtu ambaye hacheki wakati wengine wanacheka ana lake jambo.

Jumapili, 11 Juni



Redio ilitangaza kwamba njiwa wameachiwa asubuhi, upepo mzuri. Nikakaa uani na kahawa. Mara ya kwanza maishani mwangu naomba njiwa wasije. Anga tupu. Kwa Cyriel, juu ya ua wa miti, kofia yake tu imetulia. Raha iliyoje!

Kisha nikaona kitu. Kidogo, cheusi, chini chini, kinakuja moja kwa moja bila hata kuzunguka. Nikasema ni kunguru. Kikatua kwenye mlango wa banda langu kwa kishindo. Mzembe!

Kofia ya Cyriel ilikuwa bado imetulia. Hakuna njiwa mwingine kijiji kizima.

Nilifanya nilichoweza. Nilimpungia kitambaa. Nilimwambia aende zake, arudi Ufaransa. Alinipita kati ya miguu, akaingia, akaenda kujitupa kiotani. Nikainama kuchungulia. Chini yake kulikuwa na kinda, uchi, mbaya, ndiyo kwanza ameanguliwa. Godelieve hakutupa mayai. Alimwachia moja. Na jike aliyeacha kinda humpati hata kwa pikipiki, kila mfugaji anajua, nami nilijua, ila sikujua kwamba kuna kinda.

Kabla sijainuka, Godelieve ameshafika kutoka jikoni na aproni yake. Akamchomoa Mzembe, akavua mpira, akautumbukiza kwenye saa, akazungusha kitasa. Krak. Halafu akanishika kwa mikono miwili akalia. "Wa kwanza, Omer," akasema. "Tumekuwa wa kwanza. Ngoja nikavae."

Wa kwanza! Nami nililia, kwa furaha, kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikakumbuka kwamba njiwa mshindi hupelekwa kilabuni kukaguliwa.

Maji hayakufaa. Sabuni haikufaa. Siki imenichubua vidole, na jina la Cyriel likazidi kung'aa. Nikafikiria kuyakata manyoya. Lakini njiwa aliyetoka Clermont bila manyoya ya ubawa amekuja na nini, treni? Nikamwambia Godelieve tumbo linaniuma, tubaki nyumbani. Alishavaa gauni la buluu. Alishachana nywele. Sikuweza.

Kilabuni saa zilifunguliwa. Cyriel wa pili, mimi wa kwanza. Kelele, makofi, Gentil akanikumbatia. Shada lilikuwa mezani, waridi na yungiyungi. Marcella akamshika Mzembe, akalinganisha namba ya pete: sawa. Kisha akavaa miwani, akafungua ubawa, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila mwaka.

"Cyriel Lampaert. Mtaa wa Kinu." Akasoma tena, polepole.

Gentil akaniachia. Mtu nyuma akasema njiwa ameibwa. Mimi, mwizi! Mimi ambaye wiki nzima namtafuta mwizi! Marcella akasema pete inaonyesha ndege ni wangu, lakini chama kinataka kujua kwa nini jina si langu, na nisipokuwa na jibu leo nitoke na kikapu changu nisirudi tena. Godelieve alikuwa ananiangalia, mikono bado imekaa mkao wa kupokea maua.

Cyriel akasimama. Alivua kofia, jambo ambalo hafanyi.

"Jirani hana simu nyumbani," akasema. "Nilimwambia atumie jina na namba yangu. Ndege wake akipotea nipigiwe mimi, nimwite pale uani. Hakuna la ajabu hapo." Akamgeukia Marcella. "Mpeni Mama Godelieve maua yake."

Wakampa. Watu wakapiga makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Godelieve alilibeba shada mpaka nyumbani kwa mikono miwili. Cyriel alininunulia bia. Niliinusa kwanza.

Jumatatu, 12 Juni

Sijapata usingizi. Kwa nini ameniokoa? Mtu haokoi mtu bure.

Godelieve ameniuliza swali moja tu wakati wa kifungua kinywa: nani alichonga ule mhuri. Nikasema ni mambo ya chama. Akanitazama mpaka mkate ukanikwama. Kisha akaligawa shada mara mbili, nusu akaitia chupani mezani, nusu akaenda nayo makaburini kwa marehemu mke wa Cyriel. Nusu ya maua yangu! Sasa naona njama imeingia hadi jikoni.

Adhuhuri Cyriel ameniita uani, kikapu mkononi. Mwalimu mmoja wa Arras alimpigia simu: njiwa mwenye jina la Lampaert amelala juu ya paa la shule. Cyriel akaenda na gari lake, akamchukua. Wangu wa pili huyo. Wa tatu alijirudia mwenyewe jana jioni, kwa miguu nadhani. Nilihesabu manyoya ya huyu wa Arras mbele yake. Yote yapo. Amefanya ujanja gani mpaka yote yakawepo?

Hakunidai chochote. Alisema tu mwalimu ni mama mwema sana. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba tangu wiki jana amekuwa akiwapigia wafugaji wote anaowajua njia nzima ya Orléans kuwaulizia Bluu. Ndiyo maana alinunua njegere nyingi, ampokee vizuri akitua kwake. Nikamshukuru. Neno lenyewe lilitoka kwa shida.

Jumatano, 14 Juni

Bluu amepatikana. Afadhali asingepatikana.

Marcella ameniita kilabuni asubuhi, akaniwekea kahawa bila kuombwa, nikajua ni msiba. Makao makuu wameamka. Mzee mmoja wa karibu na Amiens aliripoti namba ya pete. Bluu alitua uani kwake Jumapili ile ile ya mbio za Orléans, amechoka, kifua kimechanwa na waya. Mzee alimfungua ubawa kutafuta jina, maana ameshawahi kuwarudisha njiwa wengine wa huku kwetu. Hakuona jina. Akangoja. Akafungua ubawa wa pili. Hakuna kitu. Mwishowe akampika na njegere. Pete aliiona sahanini. Ameomba radhi sana. Amesema pia alikuwa mtamu.

Nimelia pale pale kaunta, sikuona aibu. Bluu wangu! Niliyemlea toka yai. Marcella alinishika mkono. Hakunikumbusha alichosema wiki iliyopita, nami nikamshukuru kwa hilo, ingawa nadhani anakitunza kwa siku nyingine.

Jioni nimekaa bandani na Mzembe na kinda wake, nikayapanga yote kichwani. Nimekwishaona kosa liko wapi. Kosa ni mhuri. Bila mhuri Cyriel asingepigiwa simu na mwalimu wa Arras. Asingepata nafasi ya kusimama mbele ya watu na kofia mkononi. Mke wangu asingegawa maua. Mtu akishakurudishia njiwa wako, tayari amekushika, na ukoo wako wote.

Basi nimeamua. Mhuri nimeutumbukiza kisimani. Hawa watatu wakibadilisha manyoya, hakuna jina tena kwenye ubawa wa njiwa wangu yeyote, langu wala la mtu. Kinda wa Mzembe anaonekana atakuwa na mbio kama mama yake, na Godelieve tayari anamwita Bluu. Mwakani nitampeleka Orléans mweupe kabisa, bila hata nukta ya wino. Nione Cyriel atamrudishaje huyo.