Wenye Nyumba wa Malangali

Jumatatu, 4 Julai 1994
Kazi! Tangu nipunguzwe kazini ni miezi minane. Leo Mzee Rafaeli wa ofisi ya ardhi kanipa kibarua: Malangali kuna nyumba mia sita, je, wenye nyumba ni wangapi? Wengine wana tatu tatu. Adriano, karani wake, anataka tupite mlango kwa mlango. Mshamba! Nitachukua sampuli. Nyumba moja kwa kila ishirini, kisha nazidisha.

Jumanne, 5 Julai
Upepo wa kukata masikio. Nyumba ya kwanza, mbwa. Ya pili, mbwa wawili. Ya tatu, Bertilla, mjane, mshona nguo. Nikauliza mwenye nyumba nani. Akasema marehemu. Nikamwambia marehemu hamiliki. Akasimamisha cherehani, akanieleza. Kumbe shemeji yake Yusto anataka kumtoa baada ya mavuno, na matofali ya nyumba Bertilla alifyatua mwenyewe, mume akiwa mgonjwa kitandani! Nikaandika yote kwenye fomu; mwenye nyumba: Bertilla. Akaomba kuona. Akalitazama jina lake mpaka uji wa ulezi ukafurika jikoni.

Jumatano, 6 Julai
Wazo! Kwa nini nifuate mbwa? Nimekaa barazani kwa Bertilla, nikauliza wateja wake. Wote wanawake, na kila mmoja nyumba ni yake. Minza, mfugaji, kasema, “Niandike na mimi, baba, vizuri, isifutike.” Saa tisa nilikuwa na majina thelathini, sampuli kamili. Na uji vikombe vinne.

Ijumaa, 8 Julai
Nimewasilisha. Wenye nyumba Malangali: wanawake mia sita, wanaume hakuna. Mzee Rafaeli akauliza yeye, mkazi wa Malangali, anaishi kwa nani. Nikamwomba aulize vizuri nyumbani. Adriano alicheka mpaka akashika meza. Kibarua kimeota nyasi.
Lakini fomu ya Bertilla, Mzee aliisoma mara mbili. Akamtuma Adriano kwa majirani. Wote wakasema matofali ni ya mama huyu. Jina likaingia daftarini, muhuri ukagongwa. Nilikimbia kumwambia, nikasahau koti ofisini.

Jumamosi, 9 Julai
Bertilla alilia, akafutia machozi gauni la mteja. Kanialika ugali kesho baada ya misa.
Nimeamua kumwoa. Ila kwanza utafiti: je, Malangali itakubali? Nimeuliza watatu: mama, dada yangu Kristiana, na mama tena. Wote ndiyo! Nimezidisha kwa mia mbili. Watu mia sita wameafiki.
Bertilla hayumo kwenye sampuli.