Malalamiko Juu ya Kompyuta Isiyojua Dito

Duka la Vyombo,
Nyamira Mjini.
Jumatatu, kabla ya chai.

Kwako Mzee Haresh, mwenye duka,

Nakusalimu kwa heshima. Uniwie radhi kwa doa la mate hapo juu. Sasa hivi Nyamusi wangu wa miezi kumi ametambaa kutoka kwenye katoni yake chini ya kaunta, akararua ukurasa wa kwanza wa kitabu changu cha stoo, na anautafuna. Nimemwachia. Ukurasa wa kwanza huwa mtupu, na mtoto anaota meno.

Mzee, nasikia mwanao Jay anataka kunirudisha stoo ya nyuma, kwenye vumbi la saruji, mahali ambapo mtoto hawezi kukaa. Ati nimeharibu kompyuta. Tafadhali soma kwanza, maana anayefaa kupelekwa stoo si mimi.

1. Niliambiwa niingize bidhaa zote kwenye kompyuta kutoka kitabu changu. Nimeandika siku nane, mtoto mgongoni. Jina likirudiwa naweka dito, vile vistari viwili vya kusema "kama hapo juu", jinsi Madam Beverlyne alivyotufundisha darasa la pili kule Nyansiongo. Sufuria, halafu dito, dito, dito. Kazi safi kabisa.

2. Jumamosi, sisi Wasabato tukiwa kanisani, Jay akabonyeza mara moja tu ili kila bidhaa ipate namba yake, zote kwa mkupuo. Kompyuta ikaona vitu mia tatu na kumi na viwili vinaitwa dito, ikavipa vyote namba moja! Sufuria, kitasa, blanketi, chupa ya mtoto: vyote 0047. Mashine kubwa namna hiyo, na kuangalia mstari wa juu haijui?

3. Mzee Anyona alitumwa na kamati ya harusi anunue sufuria kubwa. Risiti ikatoka na vistari viwili peke yake. Kamati ikamkalisha chini: "Wewe Anyona, hii dito ndiyo itapika wali?" Mtu mwenye mvi zake alikuja hapa kaunta akitaka kulia.

4. Tena ina kiburi. Mfanyakazi asiyeelewa huuliza. Mimi wiki yangu ya kwanza niliuliza mpaka mkeo, Mama Chandrakala, akashika mbavu kwa kicheko. Hii ilinyamaza, ikajifanya imeelewa, halafu ikaandika "Imekamilika". Ingekuwa ni mtu, ungemfukuza siku hiyo hiyo.

5. Kwa hivyo naomba kompyuta ipelekwe shule, gredi ya pili. Nimeulizia. Madam Beverlyne bado anafundisha, na dawati la mbele lina nafasi. Jay awe mzazi wake, ahudhurie mikutano na kutia sahihi kwenye ripoti. Sare si lazima, lakini ibebewe uji kama wenzake. Mpaka ihitimu, kitabu changu kiwe ndicho mkubwa wake, na mimi nibaki kaunta na mtoto wangu. Hakuna dito hata moja katika kitabu hiki ambayo siwezi kukwambia ni ya kitu gani. Nijaribu.

Nina imani nawe, Mzee. Huyu anayetafuna karatasi leo ndiye atakuwa meneja wako kesho, na yeye hatauliza mashine kitu.

Msalimie Mama Chandrakala, Palak, na wote wa nyumbani. Hata Jay. Mwambie simchukii, namhurumia kwa mtoto aliyepata.

Ni mimi mtiifu wako,
Mokeira, Mama Nyamusi,
wa kaunta (bado).

Nyongeza: Mzee, nimetoa ile karatasi mdomoni mwa mtoto. Haikuwa tupu. Ndiyo iliyokuwa na majina yenyewe, na ukurasa wa pili unaanza na dito, unashuka na dito mpaka chini. Nimeangalia juu kama tulivyofundishwa. Juu hakuna kitu. Lakini usiwe na wasiwasi, na Jay asiambiwe, vingi navijua kwa macho. Sasa mwenzangu Persis ananiita mbio, ati kuna mteja ameshika dito ya sita na anauliza kama hiyo ni—