Vifaa Hulala Kazini

Mtelezo alimwona Mama Vitanda kabla ya kuonwa naye. Mama alisimama mlangoni pa duka lake, mikono kiunoni, akichungulia kwenye simu ya mteja tovuti ya duka la jirani, na jicho lake lilikuwa la husuda tupu. Mtelezo akajua njaa imeshaingia. Kilichobaki ni kutega.

Jina hilo alipewa mtaani kwa kuwa maneno yake yaliteleza kuliko sakafu yenye sabuni. Aliuza tovuti ambazo hazikuwahi kuwapo. Na tovuti, kwa asiyeijua, ni kitendawili: nyumba yangu haina tofali, wageni huingia bila kubisha. Wenye maduka wakishindwa kukitegua humlipa yeye, naye hutokomea na jibu.

Basi akaingia, akasalimu kwa adabu zote, akafungua kompyuta yake na kuonyesha picha za kazi za watu alizodai ni zake. Akaeleza kwamba kazi hii ni ngumu, inakula macho na kuvunja mgongo, ndiyo maana nusu hulipwa mwanzo. Mama Vitanda akauliza jambo moja tu: je, zinaweza kuwekwa picha za vitanda vya kifahari ambavyo hana, mteja akifika apewe vile vya mbao laini alivyo navyo? Mtelezo akafurahi moyoni. Mwenye tamaa ni samaki aliyejipaka chumvi mwenyewe.

Akapokea nusu yake, akafunga kompyuta, akaaga.

"Wapi tena, mwanangu?"

"Nyumbani, mama, nikaanze kazi."

"Fundi wangu hafanyi kazi kwake. Mmoja nilimpa mbao za kitanda aende nazo, akaniletea kigoda." Akamwonyesha chumba cha nyuma, penye randa, misumeno na harufu ya gundi. "Na vifaa hulala kazini mpaka kazi iishe."

Jioni kompyuta ikafungiwa kabatini pamoja na misumeno, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa mama. Mchana maseremala wawili wenye mikono kama magogo walikaa mlangoni. Bila kompyuta ile Mtelezo hana mtego, na asiye na mtego hali.

Akaamua kuilipua kazi, bora iishe. Akanakili tovuti ya nyumba moja ya wageni, akafuta jina, akabandika la Mama Vitanda na picha za vitanda. Mama akapiga vigelegele. Kesho yake wakafika watu watatu na mabegi, wakiuliza vyumba viko upande gani. Mtelezo alisahau kufuta mstari unaosema bei ni ya usiku mmoja, pamoja na chai ya asubuhi. Mmoja alishavua viatu, amejilaza kwenye kitanda cha dirishani, anadai chai yake.

"Rekebisha," mama akasema.

Hapo ndipo dunia ilipomfunza. Alifuta mstari, picha zikatoweka. Akarudisha picha, kitufe cha kununua kikakimbilia chini ya ukurasa kama mende aliyewashiwa taa. Kwenye kompyuta mambo sawa, kwenye simu vitanda vimesimama wima. Akaanza kujisomea mwenyewe, kutwa nzima akisaka nukta moja aliyoisahau. Na mama kila akipita aliomba kitu kidogo tu: rangi iwe ya maziwa, lakini isiwe nyeupe. Maseremala wakamcheka, wakasema wao wakikosea wanaona kwa macho. Yeye humo ndani anamtafuta nani?

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, tovuti ikasimama imara. Mtelezo alipobonyeza kitufe nacho kikaitika, machozi yakamlenga. Wizi haukuwahi kumliza hivyo.

Akaomba kompyuta yake aende zake. Mama Vitanda akafungua mlango wa mbele. Vitini walikaa watu wanne: muuza rangi, kinyozi, mshona suti na mwenye duka la miwani. Wote walishamlipa mama, tena kwa ukamilifu, kwa tovuti zao.

"Mama, nitakufa," Mtelezo akasema. "Kazi hii hujui ilivyo. Safari hii nasema kweli."

"Ngumu gani, mwanangu? Umekaa kitini, kivulini, unabonyeza. Hata jasho halikutoki."

Wanne wale wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Muuza rangi akaongeza kwamba yake ni ndogo mno, bila shaka itakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mtelezo akavuta kiti, akamuuliza mtu yule kwa sauti ya chini ana rangi ngapi.

"Mia nne tu," mtu akajibu. "Na kila moja na picha yake."