Dizeli ya Jikoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Pumba, mwenye mashine ya kusaga chakula cha kuku, amenipokonya kazi ya kubeba magunia. Amempa shemeji yangu! Eti mimi ghali. Si mimi niliye ghali, ni dizeli.
Shemeji ni kaka wa mke wangu. Humu ndani ya shajara namwita Mheshimiwa, maana hata akipiga chafya hugeuka kuona nani kasikia. Ana pikapu mpya. Yangu ni kuukuu kama ndoa yangu, nayo hunung'unika vilevile.
Nimemwangukia Mama Pumba anipe nafasi ya mwisho. Nimeapa Jumamosi nitabeba kwa bei ambayo Mheshimiwa haiwezi. Amekubali, huku anacheka. Sasa natakiwa kuendesha gari bila kununua dizeli. Basi nitaipika mwenyewe. Mafuta ya kupikia hugeuka dizeli, nimesoma.

Jumanne, 4 Machi
Mafuta machafu ya kukaangia chipsi yapo bure mgahawani. Mwenye mgahawa akauliza nayafanyia nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi mtaalamu amchukue na panya aliyezama humo. Ndivyo wagunduzi wanavyodhalilishwa.
Shida ni chombo. Pipa la plastiki nimelijaribu kwa mafuta ya moto: likanywea, likakaa chini kama mgonjwa. Pipa la chuma la jirani lina kutu, na jirani ana roho mbaya. Linalotakiwa ni tangi lisiloshika kutu, lenye kichemshio ndani yake. Nimewaza mchana kutwa, kichwa kinauma.
Jioni mke wangu akatoka bafuni, anaimba, mvuke unamfuata.
Hita!

Jumatano, 5 Machi
Hita ya maji ya bafuni imeng'oka. Na kipande cha ukuta.
Fundi wa kuchomelea ameikata juu, akaweka mfuniko, akachomelea bomba la kutolea uchafu chini. Cha kukorogea nimefunga mota ya feni ya sebuleni. Mtambo umependeza jamani! Nimeusimamisha jikoni, karibu na soketi.
Mke wangu akaja kuutazama. “Baba watoto,” akasema, “mimi nitaoga nini?”
Nikamweleza kwamba maji baridi huimarisha mishipa. Akachukua ndoo, akaingia bafuni, akabamiza mlango. Mwanamke akibamiza mlango hivyo, ujue keshajibu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya nuksi.
Mafuta huchanganywa na spiriti ya methanoli na kostiki, ile ya kuzibulia mabomba. Kwanza hivyo viwili vikorogwe pembeni. Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote ndani ya nyumba. Ni ya mke wangu, aliachiwa na marehemu bibi yake, na akina mama wa mtaa mzima huiazima kwenye shughuli. Nani angejua kwamba kostiki hula alumini? Ikatokota bila moto! Ikafuka moshi, nikakimbilia uani nakohoa. Niliporudi, sufuria ilikuwa nyeusi na kitako kimetoboka.
Nimemwambia mke wangu sufuria ni chuma tu, hata binadamu hufa. Sikuchagua maneno vizuri.
Ameenda kwa kaka yake. Amebeba taulo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudia kwa ndoo badala ya sufuria. Mtambo umekoroga asubuhi yote, nyumba inanuka chipsi na hospitali. Kisha mafuta yakatulia. Juu dizeli, rangi ya asali! Chini uji mzito.
Maelekezo yanataka tangi la pili, la kuoshea dizeli kwa maji. Tangi la pili! Ndiyo maana maskini hatuendelei, kila kitu tunatakiwa kuwa nacho viwili. Ikiwa rangi ni nzuri, kuosha kwa nini? Nimeijaza kwenye gari.
Kitanda kikubwa mno leo. Usingizi wenyewe haupo.

Jumamosi, 8 Machi
Gari liliwaka! Naandika hili kwanza, kabla ya mengine. Liliwaka mara moja, na mbwa wakatufuata kwa harufu. Mama Pumba akapakia magunia, na yeye mwenyewe akapanda mbele ili ashuhudie.
Tulipofika katikati ya soko gari likakohoa, likatetemeka, likafa. Nikafungua chujio. Limejaa uteute mweupe. Nikausugua vidoleni. Ukatoa povu.
Nimepika sabuni.
Na nani akatokea? Mheshimiwa, na mke wangu kando yake, nywele zimeoshwa kwa maji ya moto. Akatufunga kamba akatuvuta, taratibu, ili soko zima lifaidi. Akamwambia Mama Pumba, “Shemeji yangu ana akili nyingi sana huyu, basi tu.” Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mbele za watu! Mke wangu alitazama kucha zake njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeajiriwa na Mheshimiwa. Mpakiaji. Yeye hukaa kwenye usukani akipiga mluzi, mimi mgongo unalia. Mchana akaninunulia soda bila kuombwa. Hakuna kitu kinachouma kama soda ya namna ile.
Nilipouliza habari za mke wangu, akasema hajambo, analala vizuri. Sikuuliza amelalaje.

Jumatano, 12 Machi
Leo Mheshimiwa amelalamika dizeli imepanda. Yeye! Nikamhurumia. Mimi si mtu wa kinyongo.
Ukweli ni kwamba kosa halikuwa langu, lilikuwa la gari langu. Injini kuukuu haina adabu. Injini mpya ingeelewa. Tena nimepika upya, na safari hii nimeosha, kwenye beseni la kufulia. Povu limepungua sana.
Kwa hiyo alipoingia ndani kunywa chai nimemjazia tangi la pikapu, kimyakimya. Wema hautangazwi. Kesho anawapeleka mama yake na mke wangu harusini, mbali. Watakapofika ndipo nitawaambia kwamba wamefikishwa na mafuta yangu, na mke wangu atarudi nyumbani siku hiyohiyo.
Mama mkwe atakaa mbele. Nimemwekea mto.